Mita sitini za ukingo ni shamba la samaki

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mwanza)



Nimeombwa niseme juu ya vijito, nami nimeitikia kwa furaha, maana katika mji huu, na katika mkoa huu mzima, tumezoea kusema juu ya Ziwa tu. Ziwa ni kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake imo ndani ya mipaka yetu. Ziwa lina meli, lina viwanda vya minofu, na lina wageni wanaosimama ufukweni kupiga picha Jiwe la Bismarck. Kijito hakina mtu wa kukipiga picha. Tunakikumbuka siku kinapofurika na kuingia ndani ya nyumba za watu, na mvua zikiisha tunakigeuza jalala. Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya mji wetu, ni ushahidi wa kutosha, wala sina haja ya kuuongezea maneno.

Jambo ninalotaka kulieleza leo ni moja. Kijito hakijilishi chenyewe. Sehemu kubwa ya chakula cha viumbe waliomo ndani yake haioti majini. Inaota nchi kavu, juu ya ukingo, kisha inaangukia majini. Wengi wetu huuona ukingo kuwa ni mpaka tu, mahali ambapo shamba linakoma na maji yanaanza. Mimi naomba tuuone kuwa ni shamba lenyewe, shamba ambalo mazao yake huvunwa na kaa, wadudu na samaki. Na kwa kuwa sheria ya nchi imetukabidhi sisi watumishi kazi ya kuulinda ukingo huo kwa upana wa mita sitini, si vema tukaulinda bila ya kujua unafanya kazi gani.

Hapa naomba niwaguse kidogo walimu, kwa nia njema. Katika madaftari ya wanafunzi wetu mnyororo wa chakula cha majini huchorwa hivi: jua, kisha mwani, kisha mdudu anayekula mwani, kisha samaki mdogo, kisha samaki mkubwa, na mwisho mtu. Mchoro huo ni sahihi kwa bwawa lililo wazi, na kwa kiasi kikubwa ni sahihi kwa Ziwa. Lakini mpelekeni mwanafunzi mwerevu penye kijito chembamba kinachopita chini ya mikuyu na mizambarau mwitu, mahali ambapo matawi ya ng'ambo hii yameshikana na matawi ya ng'ambo ile. Atawauliza jua liko wapi. Mwani hauwezi kustawi gizani, na hata hivyo akigeuza jiwe atakuta viumbe wamejaa chini yake. Wanakula nini?

Swali hilo lilipata jibu la hesabu mwaka 1973, wakati wataalamu wawili wa Marekani, Fisher na Likens, walipochapisha mizania ya chakula cha kijito kiitwacho Bear Brook, katika jimbo la New Hampshire. Walipima kilichoingia na kilichotoka, kama mweka hazina anavyofunga vitabu vyake mwisho wa mwaka. Wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya nguvu iliyokiendesha kijito kile ilitoka nje yake, yaani katika msitu: majani, vijiti, na maji yaliyochujika kutoka udongoni. Katika miaka ya 1990 wataalamu wengine, katika milima ya North Carolina, walikifunika kijito kwa wavu kwa muda wa miaka mitatu ili majani yasiingie. Wadudu wa majini wakapungua sana. Na si wala majani peke yao, bali hata wale wanaowinda wenzao, ambao hawajapata kuonja jani maishani mwao. Aliyenyimwa chakula alikuwa mmoja, waliokonda walikuwa wengi.

Sasa tulifuate jani moja tangu linapoanguka, kwa sababu safari yake ndiyo kiini cha mambo yote haya.

Jani la mkuyu likiangukia majini, siku ya kwanza na ya pili huloweka tu. Sukari, chumvichumvi na rangi yake huyeyuka na kutoka, kama majani ya chai yanavyotoa rangi katika birika. Majani ya baadhi ya miti hupoteza hata robo ya uzito wake katika muda huo mfupi. Kinachobaki ni kigumu na hakina ladha. Mdudu akiling'ata wakati huo hapati kitu cha maana, na kwa kawaida haling'ati. Kisha huja kuvu. Si zile kuvu za mkate uliolala, bali ni jamii maalumu ya majini, ambayo mbegu zake zina mikono minne minne iliyotanuka kama nyota, ili zipate kunasa juu ya jani bila ya kuchukuliwa na mkondo. Mtaalamu wa Uingereza, C. T. Ingold, alizieleza mwaka 1942, na katika miaka ya 1950 akaeleza nyingine zilizopatikana katika mito ya Uganda, jirani zetu. Kuvu hizo huingiza nyuzi zake ndani ya jani, hulilainisha, na huvuta naitrojeni na fosforasi kutoka katika maji yanayopita na kuzitia mwilini mwake. Bakteria nao husaidia. Baada ya majuma machache jani lile lile lina lishe kuliko siku lilipoanguka. Kwa lugha ya jikoni, jani ni ugali mkavu, na kuvu ndiyo kitoweo.

Hapo ndipo wala majani hushuka mezani. Katika vijito vyetu mkubwa wao ni kaa wa mtoni, ambaye watoto wetu humjua kwa kumvuta shimoni kwa kijiti, lakini ambaye hatajwi katika somo lolote. Kaa hulikata jani vipande vipande. Wako pia wadudu wachanga wa namna nyingi, na baadhi yao hujijengea ala ya vijiti na mchanga na kutembea nayo kama konokono. Walaji hawa ni wachafu wa kula: sehemu kubwa ya jani humwagika kuwa chembechembe, na kinyesi chao nacho ni chembechembe. Mkondo huzichukua chembe hizo hadi chini, ambako viumbe wengine wanazingoja. Viluwiluwi vya usubi, kwa mfano, hujishika juu ya mawe penye maji yaendayo kasi na kutanua vichanio viwili vilivyoko kichwani, wakichuja kila kipitacho. Hivyo kuvu hulisha kaa, kaa hulisha wachujaji, wachujaji huliwa na wachanga wa kerengende, na hao wote huliwa na samaki. Samaki wa kijitoni hupata na ziada nyingine kutoka juu ya matawi, yaani panzi, viwavi na chungu wanaoanguka wenyewe. Nao wadudu wa majini wakikomaa huota mabawa, wakatoka na kuwa chakula cha ndege, buibui na popo. Deni la ukingo hulipwa, ingawa si lote.

Mtaniambia kuwa mifano niliyoanza nayo ni ya nchi za baridi, ambako majani yote huanguka kwa mkupuo mmoja kabla ya majira ya theluji. Ni kweli, na wataalamu wa Afrika Mashariki wamelishughulikia swali hilo. Mwaka 2002 kundi moja, ambamo alikuwamo Mathooko wa Chuo Kikuu cha Egerton, lilichapisha matokeo ya vijito vya nyanda za juu za Kenya likisema kwamba wadudu wakata majani walikuwa wachache mno. Wengine wakahitimisha kwamba katika joto letu kuvu na bakteria hufanya kazi haraka hata wadudu hawana la kufanya. Lakini mwaka 2014 Frank Masese na wenzake walirudia kazi hiyo kwa kuchunguza kwa makini zaidi kilichomo ndani ya matumbo ya wadudu wenyewe, badala ya kutegemea vitabu vya Ulaya vinavyosema mdudu fulani hula nini. Wakakuta wakata majani wa aina nyingi, na kaa wakiwa na uzito mkubwa kuliko wengine. Walikuta vilevile kwamba viumbe hawa hupenda maji ya baridi yenye kivuli, na hupungua pale msitu unapoyapisha mashamba. Mimi hupenda kuwasimulia vijana kisa hiki kwa sababu nyingine pia: somo lilikuwa letu, na majibu yalibadilika tulipoacha kusoma mito yetu kwa miwani ya watu wengine.

Hata hivyo haifai kutia chumvi. Mwani haukosi nafasi yake. Uchunguzi wa mito ya nchi za joto umeonyesha mara nyingi kwamba mwani, ingawa ni mchache kwa uzito, una lishe kubwa, na samaki wengi hujenga nyama yao kwa mwani huo kuliko kwa majani. Ukweli ni kwamba kijito kina sahani mbili. Lakini ebu tuutazame Mto Simiyu wakati wa mvua, uingiapo katika Ghuba ya Speke. Maji yake ni tope, rangi ya udongo wa mashamba ya Maswa, Kwimba na Magu. Mwanga haupenyi, na jiwe lililofunikwa na tope halioti mwani. Ukingo ukivuliwa miti, sahani ya majani huondoka; na udongo ukiporomoka kwa kukosa mizizi ya kuushika, sahani ya mwani nayo hufunikwa. Samaki hunyimwa zote mbili kwa panga lile lile.

Ni nani basi aliyezivua kingo zetu nguo? Swali hili hujibiwa kwa haraka mno, kwa kumnyooshea kidole mkulima. Tusimsahau mbung'o. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa upande wa Uganda, na mbung'o wa aina ile alikaa katika vichaka vya ufukweni na kando ya mito, hapo hapo penye kivuli ninachokisifu leo. Kufyeka kulikuwa ni kujiokoa. Upande wa Shinyanga, katika miaka ya 1920, Swynnerton na idara yake ya mbung'o walishirikiana na watemi kuwatoa maelfu ya watu na mashoka yao, wakasafisha mapori mapana ili ng'ombe wapate kuishi. Baadaye ukaja mpango wa maendeleo wa Usukuma wa mwaka 1947, ikaja pamba, yakaja majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na mashamba yakateremka kutoka kwenye luseni za juu hadi kwenye mbuga za chini, yakafika penye maji. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na wazee waliofyeka hawakuwa wapumbavu. Ila hakuna katika hatua hizo zote aliyeuliza kijito kitakula nini.

Samaki walianza kutoa jibu mapema. Wenye umri wa kukumbuka wanamjua ningu, samaki wa midomo ya nyama anayekwangua mwani na mabaki ya mimea juu ya mawe na tope. Ningu huishi Ziwani, lakini mvua kubwa zikinyesha hupanda mito kwenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko kandoni. Katika miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wake ulianguka, na sababu iliyothibitika ni nyavu zilizotandwa kwenye midomo ya mito na kuwakamata wakiwa na mayai. Hilo tulikubali. Lakini mtu atakayetaka kumrudisha ningu kwa kuondoa nyavu peke yake atakuwa amemfungulia mlango wa nyumba isiyo na chakula wala kitanda, maana nyasi za kutagia na mimea ya kulisha mto vyote viko katika ukingo ule ule.

Nafika sasa katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita sitini za ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa, au bwawa, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya mahali hapo. Ni sheria nzuri. Lakini tazameni inavyotekelezwa. Ofisa anafika na futi ya kamba, anapima, anamkuta mwananchi na matuta yake ya mchicha na nyanya, anamwamuru aondoke. Mwananchi anaondoka, au anajifanya kuondoka. Ofisa anaandika taarifa kwamba eneo limeachwa wazi. Hilo neno, wazi, ndilo linalonisumbua. Ukingo ulio wazi haulishi kitu. Ng'ombe wanaingia, mchanga unachimbwa, na mvua ya kwanza inabeba kilichobaki. Mwananchi amepoteza mboga zake na kijito hakikupata jani hata moja.

Wengine, kwa bidii njema, huja siku ya kupanda miti na kuupanga ukingo mzima mikaratusi, mstari mmoja ulionyooka kama gwaride. Mkaratusi si adui yangu. Umetupa nguzo, kuni na boriti, na una mahali pake panapoufaa. Mahali hapo si penye kijito. Jani lake ni gumu, limejaa mafuta na uchungu, na kuvu na wadudu hulishambulia kwa taabu. Linarundikana chini ya maji kama chakula kilichofungwa kwenye kopo na hakuna ufunguo. Aidha mti wenyewe hunywa maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, hayati John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyokuwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, na alizungumzia maji. Nami naongeza upande wa chakula, kwa maana kijito kinachozungukwa na mti wa aina moja hupata mlo wa aina moja. Mkuyu hupukutisha kwa wakati wake, mgunga kwa wakati wake, mzambarau mwitu karibu mwaka mzima; jani laini huliwa kwanza na jani gumu hubaki kuwa akiba. Mchanganyiko huo ndio ghala.

Penye tambarare, ambako miti hukomea na matete na mafunjo huanza, kazi hubadilika. Bua la funjo huoza polepole na si chakula chepesi, lakini msitu wa mafunjo huchuja tope na mbolea ya mashambani kabla havijafika Ziwani, na huwaficha samaki. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Kiholanzi na wenzao wa Kitanzania waliwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, na katika miaka ya 1980 wakashuhudia sangara akiwamaliza mbele ya macho yao. Sehemu ambazo furu na wenzao walipata nafuu ni pamoja na zile zenye mafunjo, ambako hewa ya oksijeni ndani ya maji ni haba na sangara hawezi kuvumilia. Kambale na kamongo hawajali. Wao hupanda juu na kuvuta hewa kama sisi.

Huenda mmoja wenu anajiuliza: kama majani na masalia ya mimea ni chakula, je, yakizidi si heri zaidi? La hasha, na mfano wake uko karibu nasi. Katika Mto Mara, sehemu ya juu, wako viboko zaidi ya 4,000. Usiku hupanda malishoni kula nyasi, mchana hurudi majini na kunya. Wataalamu walipopima walikuta kwamba kwa siku moja viboko hao huingiza mtoni kama tani 36 za kinyesi kibichi, ambacho kikikauka hubaki tani nane na nusu hivi. Hizo ni nyasi zilizotembea kwa miguu hadi mtoni. Kaboni ya nyasi za nchi za joto ina alama tofauti na kaboni ya majani ya miti, na alama hiyo imeonekana ndani ya miili ya wadudu na samaki wa mto huo, kwa hiyo hakuna shaka kwamba nyasi hizo huwalisha. Lakini mto ukipungua, kinyesi hurundikana katika madimbwi. Bakteria wakikila humaliza oksijeni. Na mafuriko ya ghafla yakiyasukuma maji hayo chini, samaki hufa kwa kukosa pumzi. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wetu yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, na wananchi wengi hawakuridhika, maana walikuwa wakiwaza sumu. Mimi sikuwamo katika kamati hiyo na sina la kuamua. Ninachosema ni kwamba watu waliocheka waliposikia kuwa kinyesi na mimea vyaweza kuua samaki walicheka bure. Jambo hilo hutokea, na limepimwa katika mto huo huo. Tofauti kati ya karamu na maangamizi ni kipimo na mwendo. Ukingo wenye mizizi na miti hutoa chakula kidogo kidogo, kila siku. Ukingo uliokanyagwa na makundi hukitoa chote kwa pigo moja la mvua.

Ndiyo maana ningependa tufikirie juu ya ngitili. Wasukuma walijua tangu zamani kuuzuilia uwanda wa malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha kuufungua kiangazi kikiwa kikali, kwa amri ya kijiji wala si ya ofisa. Mpango wa HASHI, ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986, haukubuni kitu kipya. Uliiheshimu desturi hiyo, na nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikarudisha zaidi ya hekta laki tatu za miti na majani. Sioni kwa nini mita sitini za kijito zisitunzwe kwa namna hiyo: kijiji kiweke mipaka yake kwa sheria ndogo, miti ya asili iachwe ichipue kutoka katika visiki vyake, nyasi zikatwe na kubebwa badala ya ng'ombe kuingizwa, kuni zilizoanguka nchi kavu ziokotwe, ila gogo lililoangukia majini liachwe humo, kwa kuwa nyuma ya gogo ndipo majani husimama na kuliwa. Na yule mwenye matuta ya mchicha apewe kwanza kisima au mfereji nje ya mita hizo, ndipo aambiwe ahame. Bila ya maji atarudi usiku, na mimi ningekuwa yeye ningerudi pia.

Namalizia na kazi kwa walimu, kwa kuwa haihitaji fedha. Okoteni majani yaliyoanguka ya mkuyu, ya mgunga na ya mkaratusi. Yakausheni kivulini kwa juma moja. Pimeni gramu tano tano kwa mizani ya maabara, au ya duka la dawa kama maabara haina, mkazitie katika vifuko vya wavu, kila aina ya mti vifuko vinane. Nusu viwe vya wavu mwembamba wenye matundu madogo sana, ambamo wadudu wengi hawapiti, na nusu vya wavu mpana, ambamo hata kaa mdogo anaingia. Fungeni kwa kamba kwenye mzizi imara na kuvizamisha penye mkondo. Kila baada ya majuma mawili toeni kifuko kimoja cha kila namna, suuzeni tope, kausheni, pimeni tena, andikeni ubaoni. Tofauti kati ya wavu mwembamba na wavu mpana itawaonyesha wanafunzi sehemu iliyoliwa na kaa na wadudu, na tofauti kati ya mti na mti itawaonyesha kwa nini mstari wa mikaratusi haunifurahishi.

Tahadhari moja, nayo ni kubwa. Vijito vya Kanda ya Ziwa vina kichocho. Mwanafunzi asiingie majini kwa miguu mitupu. Vifuko vivutwe kwa kamba kutoka ukingoni, na anayelazimika kuingia, awe mwalimu mwenye buti za mpira na glavu. Vifuko vifunguliwe ndani ya beseni jeupe, na maji ya beseni yamwagwe mbali na watoto. Kaa atakayekutwa ndani ahesabiwe, aandikwe, kisha arudishwe pale pale alipotolewa.